Tundra Mbadala

Idara ya Uthibitishaji wa Vyanzo vya Mtandaoni ilizinduliwa kwa vigelegele, kwa utepe mwekundu, na kwa vipaza sauti viwili ambavyo kimoja kilifanya kazi. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, polepole, ili historia ipate nafasi ya kuandika: kuanzia siku hiyo, hakuna mwananchi atakayedanganywa na mtandao bila kibali.

Watu walipiga makofi. Mkurugenzi alikata utepe, akakata keki, akapanda ghorofani, na Idara ikaanza mara moja jukumu lake zito la kusubiri kazi.

Ilisubiri kwa weledi mkubwa. Kulikuwa na kaunta ya kupokelea wananchi, kiti cha kukalia wananchi na sanduku la kutolea maoni ya wananchi. Kilichokosekana ni mwananchi tu, na kwa kuwa hakuwahi kuja, hakuna aliyeona pengo lake. Kitini yalipangwa maboksi ya kalenda za mwaka uliopita, zenye picha ya Mkurugenzi akitazama mbali. Sanduku la maoni lilitunza sukari ya ofisi, maana lilikuwa na kufuli zuri.

Kwa hiyo asubuhi ile mlango uliposukumwa na akaingia mtu asiyejulikana na yeyote, ofisi nzima iliamini ni mkaguzi. Mama Mhuri, katibu muhtasi, alisukumia chini ya meza sweta alilokuwa akilifuma. Mtu wa masjala alinyakua faili lililokuwa karibu na kuanza kulisoma, kichwa chini miguu juu, kwa umakini usio na mfano.

"Shikamooni," mgeni alisema.

Alikuwa msichana wa shule. Soksi moja ilikuwa imepanda, nyingine imeshuka, na kifuani alikumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Marahaba," Mama Mhuri alijibu, sauti ikiwa bado haijatulia. "Umepotea, mwanangu? Chooni ni mlango wa pili."

"Sijapotea, mama. Hapa si ndipo mnapothibitisha vyanzo?"

Humo ndani walitazamana kama watu waliosikia jina la kitu walichokiacha jikoni kikiungua. Wote walimgeukia Mbichi.

Mbichi ndiye aliyekuwa afisa mdogo kuliko wote. Alikuwa dada mwembamba mwenye shahada ya maktaba na habari, viatu alivyovinunua kwa ajili ya kazi hii, na moyo uliojaa matumaini mpaka ukimwagika kidogo kila alipotembea. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua ya ajira. Ila pale Idarani aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio aliitwa Mbichi mpaka Mkurugenzi asaini barua ya kumthibitisha kazini, na barua yake ilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi, ikingoja Ijumaa.

"Karibu," Mbichi alisema, akashusha boksi moja la kalenda kutoka kwenye kiti, kisha la pili, kisha la tatu. "Karibu ukae. Wewe ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza leo?"

"Eh... leo pia."

Msichana alikaa. Nyumbani wanamwita Kwanini, alisema, kwa sababu ambazo dada angezigundua mwenyewe. Mwalimu wao wa jiografia amewapa mradi wa bayomu, yaani zile kanda kubwa za dunia ambazo kila moja ina hali yake ya hewa, mimea yake na wanyama wake: jangwa, msitu wa mvua, nyika, na kadhalika. Yeye na rafiki yake wamepangiwa tundra.

"Nimetafuta mtandaoni pale kwa kijana wa kompyuta karibu na stendi. Nimepata kurasa nyingi. Lakini mwalimu anasema kuna waraka wenu. Chanzo kisicho na mhuri wa Idara ni sifuri. Maonyesho ni Ijumaa. Na alama za mradi huu ndizo zinazoamua nani anabaki kwenye darasa la sayansi mwakani."

"Tuna waraka?" Mama Mhuri alinong'ona.

"Tunao," mtu wa masjala alinong'ona pia, akigeuza faili. "Tuliuandika Ijumaa moja mchana. Nani alijua kuna shule zinasoma barua?"

Shule nyingine hazikuwa zimepata shida. Wanafunzi wao walinakili moja kwa moja kutoka kwenye tovuti ya Idara, ambayo ilihesabiwa kuwa imejithibitisha yenyewe. Kwanini peke yake ndiye aliyefikiria kutafuta pengine, na ndiyo maana peke yake ndiye aliyekuwa mashakani.

Mbichi alizipokea kurasa kwa mikono miwili. Tangu aajiriwe alikuwa hajawahi kushika chanzo. Ofisini hakukuwa na mtandao. Ulikatwa siku ya kwanza, kwa hoja kwamba daktari wa malaria halazimiki kufuga mbu. Alizisoma zote pale kaunta huku Kwanini akimwangalia. Kulikuwa na ukurasa wa chuo kikuu kinachochunguza ardhi iliyoganda. Kulikuwa na wa kituo cha hali ya hewa, na wa jumba la makumbusho. Na kulikuwa na mmoja wenye picha ya mwanamke mwembamba anayecheka, ambao kwa mbali ulihusu tundra na kwa karibu ulihusu chai ya kupunguza tumbo.

"Huu wa chai niliuchapisha kwa makusudi," Kwanini alisema. "Nataka kujua kama mtaukataa."

Mbichi alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini. "Ningoje hapa. Naingia kwa mzee."

Ofisi ya Mkurugenzi ndiyo iliyokuwa sehemu pekee ya mji ule iliyokaribia tundra. Kiyoyozi kilivuma mchana kutwa, na baridi yake ilipita chini ya mlango mpaka kwenye miguu ya Mama Mhuri, ndiyo maana mama wa watu alifuma masweta. Mkurugenzi alikuwa ameketi ndani ya baridi hiyo akiwa na shati la mikono mifupi, mwenye furaha, kama samaki kwenye friji asiyejua yuko kwenye friji.

"Mwananchi?" aliuliza. "Mwenyewe? Kwa miguu yake?"

"Ndiyo, mzee. Mwanafunzi. Anahitaji mhuri kwenye vyanzo vyake."

Mkurugenzi alivaa miwani. Alikuwa mtu mpole, na hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Alizoea tu kwamba vitu vinakubaliana naye. Aliushika ukurasa wa chuo kikuu, akaanzia mwisho.

"Umeona huyu anavyomalizia? 'Utafiti zaidi unahitajika.' Mtu mwenyewe anakiri hajamaliza. Amalize kwanza. Kimekataliwa."

"Mzee, kwenye sayansi huwa wanaandika hivyo ili..."

"Huyu wa hali ya hewa anasema 'wastani'. Wastani! Tarehe fulani kulikuwa na nyuzi ngapi? Hajui. Anachanganya siku zote kwenye sufuria moja na kutuambia wastani. Kimekataliwa." Akafika kwa jumba la makumbusho. "Ehe. Hapa chini: 'Ukurasa huu umerekebishwa.' Maana yake walikosea."

"Maana yake wanajisahihisha, mzee."

"Binti yangu, sisi tumewahi kujisahihisha?"

"Hapana, mzee."

"Basi." Akashika ukurasa wa chai, akautazama kwa muda mrefu kuliko zote. "Huyu sasa anasema 'uhakika asilimia mia moja, au urudishiwe hela yako'. Unaona mtu anayejiamini? Kuna wataalamu wenye ujasiri huu?" Akaukunja mara mbili, akautia mfukoni. "Huu nitaufanyia mashauriano zaidi na mke wangu. Kwa tundra, mpe ule ukurasa wetu. Si tuna wetu?"

Walikuwa nao. Mbichi alikuwa ameusoma wiki yake ya kwanza kazini, akafikiri ni mzaha wa kumpima mgeni, akacheka peke yake mpaka Mama Mhuri akamkanyaga mguu. Ulikuwa na kichwa cha ripoti, nembo, saini ya Mkurugenzi, dibaji yenye saini ya Mheshimiwa Waziri, na maneno haya: *Tundra ni eneo lenye joto la kutosha, upepo mwanana, minazi mirefu, na huduma nzuri ya kifungua kinywa. Makoti hayahitajiki.*

"Mzee," Mbichi alisema, akichagua maneno kama mtu anayevuka mfereji kwa viatu vipya, "vyanzo vingine vyote vinasema tundra ni baridi. Ardhi imeganda. Hata mti hauoti."

"Hao waliosema walifika?"

"Wengine wanaishi huko."

"Mimi nilifika." Mkurugenzi alielekeza kidole ukutani.

Hapo palining'inia picha ndani ya fremu ya dhahabu: wanaume kadhaa wa makamo wamevaa kaptura, wamesimama kando ya bwawa la kuogelea, nyuma yao minazi. Mkurugenzi alikuwa katikati na glasi yenye mwavuli mdogo. Chini pameandikwa: *Ujumbe wa Kitaalamu Katika Ziara ya Mafunzo, Tundra.*

"Nitakwambia kitu kwa sababu naona unaipenda kazi," alisema, akashusha sauti. "Tulipofika uwanja wa kubadilishia ndege, wenyeji wetu walitueleza kwamba tundra ile ya kawaida msimu ule haikuwa na hoteli ya hadhi ya ujumbe. Tukaelekezwa tundra mbadala."

"Tundra mbadala."

"Kiutawala, binti yangu, tundra ni pale ujumbe wa tundra unapofikia. Sasa hata mimi nilikwenda nikijua kuna baridi. Serikali ilitununulia makoti mazito, ya manyoya, mpaka na kofia." Akafungua kabati. Makoti yalining'inia humo kwa safu, meusi, mazito, lebo za dukani zingali shingoni. "Yalirudi kama yalivyokwenda. Huo ndio ushahidi. Mtu akikwambia tundra ni baridi, mwulize: mbona makoti hayakuvaliwa?"

Majibu ya Mbichi yalikuwa mengi mno na yote yalitaka kutoka kwa wakati mmoja. Aliitazama barua yake pale mezani, chini ya kikombe.

"Ijumaa, eh?" Mkurugenzi alimfuata macho, akatabasamu. "Ijumaa jioni naisaini. Uache kuitwa jina la ndizi."

Kule nje, Kwanini aliusoma ukurasa wa Idara mara moja, akaurudia. Kisha akainua uso.

"Dada, wewe unaamini haya?"

Kuna maswali ambayo chuo kikuu hakimwandai mtu kuyajibu. Mbichi alimtazama Mama Mhuri, na Mama Mhuri akatazama sindano zake za kufumia.

"Hapana," Mbichi alisema kwa sauti ndogo.

"Ila ndio huu tu wenye mhuri."

"Ndio huu tu."

Kwanini alifikiri. Unapomwona mtoto anafikiri namna ile unatamani kumwondolea kila kitu kilichoko njiani, hata ngazi. "Mwalimu wetu anasema usimuulize mtu ana mhuri gani. Muulize, wewe umejuaje? Halafu mtafute mwingine ambaye hakunakili kwake, umuulize vilevile."

"Mwalimu wako anasema kweli."

"Basi naomba mhuri kwenye huu. Mkubwa. Na hizi nyingine, kama zimekataliwa, nigongee ule wa kukataa, na uandike kwa nini zimekataliwa. Nitabandika zote. Huku uliokubaliwa, huku zilizokataliwa. Waraka unasema niwe na chanzo chenye mhuri. Haujasema nisiwe na visivyo na mhuri."

Mama Mhuri aliachia sindano. "Mtoto huyu," alisema, "amezaliwa na nani?"

"Na fundi cherehani, mama."

Mbichi aligonga. Aligonga *KIMETHIBITISHWA* juu ya minazi, akagonga *KIMEKATALIWA* juu ya chuo kikuu, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mzuri maneno ya Mkurugenzi kama yalivyotoka: *Anakiri hajamaliza. Anachanganya siku. Amejisahihisha.* Tangu aanze kazi, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu cha kweli kabisa.

Kwanini aliingiza kurasa kwenye bahasha. Alifika mlangoni, akageuka.

"Dada, shida nyingine. Bango litakuwa refu. Shuleni mabango hayabandikwi ukutani, rangi ni mpya. Lazima lishikwe na watu wawili, tangu mwanzo mpaka waamuzi wapite. Likishushwa, hawalihesabu. Na mwenzangu ana tetekuwanga."

"Nyumbani hakuna mtu?"

"Mama ana nguo za harusi za watu. Utanishikia upande mmoja?"

"Nitakushikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Nimekuahidi."

Alilisema hilo kirahisi, kama mtu anayekubali kumshikia mwenzake mlango. Kwanini alipokwisha kuondoka, Mama Mhuri alivuta kiti chake karibu.

"Unajua mgeni rasmi wa maonyesho ni nani?"

"Nani?"

"Mheshimiwa Waziri. Na anayemsindikiza ni mzee wetu. Na anayebeba mhuri kwenye msafara ni mimi." Akamgusa mkono. "Mwanangu, Ijumaa ugua. Wewe ugua tu. Tumbo, kichwa, chochote. Hata mimi nilianza Mbichi. Barua ikishasainiwa, utakuwa mkweli mpaka uchoke."

Mbichi aliliwazia jambo hilo siku zote zilizobaki. Aliuwazia mshahara wa Mbichi, ambao ulikwisha kabla mwezi haujakumbuka kuanza, na mama yake aliyewaambia majirani wote mwanangu yuko serikalini. Ijumaa asubuhi aliamka akajipima. Tumbo lilikuwa zima. Kichwa kilikuwa kizima. Hakuna kilichouma isipokuwa lile neno alilolisema pale mlangoni. Akavaa viatu vyake.

Ukumbi wa shule ulinuka rangi mpya na gundi. Wanafunzi kutoka shule zote za wilaya walisimama wawili wawili kwa safu, wameshika mabango, kama watu wanaoanika mashuka siku isiyo na kamba. Na kila bango lililohusu tundra lilikuwa na minazi. Mingine ilichorwa kwa kalamu za rangi, mingine ilikatwa kwenye magazeti. Kikundi kimoja kilileta nazi halisi. Kwenye bango moja pameandikwa kwa herufi kubwa: *MNYAMA MKUU WA TUNDRA NI MHUDUMU.*

Bango la Kwanini lilikuwa mwisho wa safu, refu kama meza ya karamu. Upande wa kulia palikuwa na chuo kikuu, hali ya hewa na jumba la makumbusho, na mihuri yao ya kukataliwa. Upande wa kushoto, alioushika Mbichi, palikuwa na ukurasa wa Idara. Katikati ya upande huo palibandikwa ile picha ya bwawa la kuogelea, ambayo ilikuwa pia kwenye tovuti, nayo ilikuwa imekuzwa mpaka kila mtu angeweza kuhesabu vidole vya miguu vya Mkurugenzi.

"Umeikuza sana," Mbichi alisema.

"Kijana wa kompyuta alinipunguzia bei. Alisema anaipenda."

Msafara uliingia. Mbele alikuwa Mheshimiwa Waziri, mama mnene mwenye mwendo wa taratibu na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, ubavuni Mkurugenzi, nyuma Mama Mhuri na kisanduku chake, nyuma zaidi wanahabari na kamera. Waamuzi walianza upande ule wa mbali, pole pole, kila bango na maswali yake.

"Mheshimiwa, naomba uone," Mkurugenzi alisema, akipunga mkono kwenye safu ya minazi. "Shule mbalimbali. Wanafunzi mbalimbali. Na wote wanasema kitu kimoja. Kabla ya Idara, kila mtoto alikuja na lake."

"Inapendeza," Waziri alisema. Alikuwa amesimama kwenye hafla tangu asubuhi, na kila kitu kilimpendeza mradi kiwe kifupi.

Wakafika mwisho wa safu. Mkurugenzi aliona kwanza kaptura. Halafu akajiona yeye mwenyewe ndani ya kaptura. Halafu macho yake yakatembea kwenye ukingo wa bango mpaka yakakutana na vidole vilivyoushika, yakapanda mkono, yakafika usoni.

"Mbichi," alisema.

"Shikamoo, mzee."

Waziri alikuwa amekwisha vaa miwani. "Hebu. Hapa pana mambo mawili. Huku tundra ina joto. Huku ardhi imeganda. Mtoto, ipi ni ipi?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hii ya joto imethibitishwa. Hii ya baridi imekataliwa."

"Kwa nini?"

"Sababu zimeandikwa pembeni. Huyu amekataliwa kwa kujisahihisha."

Mwanahabari mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Kamera ikasogea.

"Mtoto amechanganya," Mkurugenzi alisema haraka, kwa upole wake uleule. "Mheshimiwa, ukitazama mabango mengine yote yanakubaliana..."

"Yanakubaliana kwa sababu yamenakili mahali pamoja," Kwanini alisema. "Kumi wakinakili kwa mmoja, bado ni mmoja. Nami nimemnukuu kama alivyo, sijaongeza neno."

Mkurugenzi alimsogelea Mbichi mpaka wakawa bega kwa bega, kama watu wanaopigwa picha. Alitabasamu kwa kamera na kuongea kwa upande wa mdomo.

"Shusha."

"Mzee?"

"Shusha upande wako. Sema umechoka mkono. Barua yako ninayo hapa mfukoni, na kalamu ninayo. Nasaini hapahapa, mgongoni kwa Mama Mhuri."

Mbichi aliisikia karatasi ikichakarika ndani ya koti la suti la Mkurugenzi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo mno. Vidole viwili tu kulegea. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mtoto aliyekuwa upande wa pili, ambaye hakumtazama kabisa. Alikuwa ameshikilia upande wake na kumweleza Waziri habari za nyasi fupi na udongo ulioganda, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba bango halitashuka na akaamini.

Mbichi aliinua upande wake juu kidogo.

"Bado sijachoka, mzee," alisema.

"Lakini ngoja," Waziri alikuwa akisema. Alikuwa amesogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Hii dibaji. Hii saini ni yangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Kwanini alisema. "Mwalimu ametufundisha tumuulize aliyeandika amejuaje. Je, Mheshimiwa, na wewe ulifika?"

Nazi ya kile kikundi ilidondoka, ikabingirika, na hakuna aliyeifuata.

"Mimi," Waziri alisema baada ya kutafakari, "nilitia saini."

Ni lazima isemwe, kwa heshima ya ofisi yake, kwamba Waziri hakufika alipofika kwa kubabaika. Aliitazama kamera, akaitazama saini yake, akazipima hoja alizobakiwa nazo. Kusema ripoti ni ya uongo ilikuwa kusema ameweka jina lake chini ya uongo. Kwa hiyo ripoti ilikuwa ya kweli. Alisimama wima.

"Serikali haina cha kuficha," alisema. "Kama kuna watu wana shaka na ripoti yetu, dawa yake ni rahisi. Mkurugenzi atarudi tundra. Tundra ile ile ambayo hawa wa chuo kikuu wanaisema, pale pale ilipo kwenye ramani. Atakaa msimu mzima, atatuletea picha."

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitafuta mahali pa kushika, "hiyo ni heshima kubwa. Yale makoti bado tunayo..."

"Makoti ya nini?" Waziri alisoma ukurasa kwa sauti, kidole chini ya mstari. "'Makoti hayahitajiki.' Tumethibitisha sisi wenyewe. Makoti yagawiwe walinzi wa usiku wa shule za wilaya hii. Nimewaona pale getini wanatetemeka."

Makofi yalilipuka. Mlinzi wa shule, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alipiga kuliko wote. Waziri akatabasamu, akavua miwani, akageuka kuondoka akiwa ameshinda.

"Kwa hiyo Mheshimiwa ndiye atakayeongoza ujumbe?" Kwanini aliuliza. Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua tu. "Kwa sababu saini ziko mbili."

Wanahabari wote walisogeza vipaza sauti kwa pamoja. Mmoja alikuwa ameshaanza kuandika.

"Bila..." Waziri alisema, akasimama. Alizitazama kamera, moja, nyingine. Taa nyekundu zilikuwa zinawaka. "Bila shaka."

"Na koti, Mheshimiwa?" mwanahabari aliuliza.

Waziri alimtazama Mkurugenzi kwa macho ambayo, kama kipimo cha hali ya hewa kingekuwepo, yangesomeka chini ya sifuri.

"Ripoti," alisema, "iko wazi."

Msafara ulitoka bila kupanga mstari. Mkurugenzi alibaki nyuma hatua chache, ameshika kisanduku cha Mama Mhuri kama mtu anayeshika ukuta.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "lile sweta unalofuma. Ni la saizi gani?"

"La mjukuu wangu, mzee. Ndiyo kwanza anaanza chekechea."

Mkurugenzi alilifikiria hilo kwa uzito, akaona halifai. Kisha akamgeukia Mbichi. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua, akaisoma kana kwamba anaiaga, akaipasua mara mbili, taratibu, bila hasira. Vipande akavirudisha mfukoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi.

"Jumatatu usije," alisema.

Alipokwisha kutoka, Mama Mhuri alisimama kidogo. Alifungua mdomo, akaufunga, akampangusa Mbichi chembe ya gundi begani. "Mkaidi," alisema, na akaharakisha kuufuata msafara, macho yake yakiwa na maji ambayo baadaye alisema ni rangi mpya.

Ukumbi ulipungua watu. Mikono ya Mbichi ilikuwa imechoka, na bango likaanza kuyumba, mpaka minazi ya tundra ikawa kama inapigwa na upepo kweli.

"Dada," Kwanini alisema kutoka upande wa pili, "amekufukuza?"

"Kidogo."

"Ukitaka tushushe, mimi sitakasirika."

"Waamuzi wamefika wapi?"

Kwanini alichungulia. "Wako kwenye ile nazi. Wanaizunguka."

Mbichi alibadilisha vidole, akauegemeza ukingo wa bango begani, akanyoosha mgongo.

"Basi bado," alisema. "Inua upande wako. Umelala kidogo."